Sambaza Nisizoweza Kunusa

Tangu nilipoanguka kutoka kwenye pikipiki katika mteremko wa Kadutu, sisikii harufu yoyote. Daktari alinieleza kwamba kichwa kilipogonga chini, ubongo ulitikisika na nyuzi za kunusia zikakatika. Alisema pia nitakuwa nasahau mambo madogo na kuchoka haraka. Mkono uliovunjika ulifungwa plasta, na wote waliokuja kuniona waliniuliza habari za mkono tu.

Mimi huuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika soko la Nyawera. Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne, wazazi wetu walipofariki. Niliacha masomo ili mdogo wangu aendelee na yake. Nilipolazwa hospitalini, yeye ndiye aliyekaa kwenye meza yangu. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Alisema atakaa wiki mbili tu.

Nilirudi sokoni baada ya miezi mitatu, na bado alikuwa pale. Miezi iliyofuata aliketi kando yangu, akinikumbusha nani ameshapimiwa na nani bado. Siku moja alikwenda kunitafutia dawa. Nilifunua beseni nikauza. Baadaye maman mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alirudi na mfuko wake akaumwaga mezani.

"Maman, unataka kutuua? Hii samaki inanuka mpaka ku barabara!"

Nilikuwa nimemuuzia za jana. Nilizifunika kwa mkono wangu mwenyewe, nikasahau, na pua haikunionya.

"Nitakukopesha pua yangu," alisema muuzaji wa meza ya jirani, "lakini ujue iko na mafua!"

Meza zote zilicheka. Nami nilicheka, nikiokota samaki mmoja mmoja.

Jioni hiyo mdogo wangu alikunja uniforme yake ya shule akaiweka chini kabisa ya sanduku.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "masomo imeisha. Nitauza miye."

Mimi pia niliwahi kusema maneno kama hayo, na hakukuwa na mtu wa kunikatalia. Kwa hiyo nilimkatalia. Nilimwomba wiki moja. Kila asubuhi aniwekee sahani tatu za sambaza, moja iwe ya jana. Ifikapo Jumamosi nikishindwa kuitambua, abaki sokoni. Nikiweza, arudi masomo.

Jumatatu nilikosea, Jumanne pia. Jumatano alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko cha sokoni. Niliendelea kubonyeza samaki kwa vidole. Polepole vilianza kujua: tumbo la samaki wa leo hukataa kidole, la jana huachia. Jicho la leo lina maji, la jana lina ukungu.

Jumamosi nilizigusa sahani zote mara mbili, nikaishika ya katikati.

"Iko hii."

"Una hakika, yaya?"

"Iko hii."

Aliinama akazinusa zote tatu, akarudia ya katikati. Kisha akaenda kutoa uniforme sandukuni, akaitia majini kuifua.

Sasa nina utaratibu wangu. Samaki mbichi harudi nyumbani. Wanaobaki mchana nawakaanga palepale. Na kila mteja namwambia kabla hajanunua: "Maman, mimi sinusi. Nusa wewe mwenyewe." Wengine huondoka, maana muuzaji anayekuambia unuse samaki wake huonekana anaficha jambo. Wengine huinama, hunusa, hununua. Yule mteja wangu wa zamani hupita bila kugeuza kichwa.

Sikujua kwamba ile miezi mdogo wangu aliyokaa kando yangu ndiyo niliyokuwa na mwenzangu. Tulikula mkate mmoja, alinisimulia vituko vya wateja, na nilipopoteza neno katikati ya sentensi alinimalizia. Sasa neno likipotea nanyamaza tu, mpaka mteja achoke kungoja. Jioni yeye hufungua madaftari yake, nami macho hujifumba kabla chakula hakijaiva. Ananiachia sahani yangu imefunikwa. Nikiamka nakula peke yangu, chakula kisicho na ladha isipokuwa chumvi, nikimsikia upande wa pili wa pazia akisoma kwa sauti, kwa Kifaransa, mambo ambayo sikuyafikia.