Ukurasa Ndani ya Jalada

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mjalidi wa vitabu. Ungemwona akishona kitabu ungejua mara moja kwamba hakuwa mtu wa haraka. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza moja, dirisha moja, na sufuria ya gundi ya unga ambayo mpini wake umefungwa kwa waya. Kazi nyingi zilitoka ofisi za serikali.

Asubuhi moja mkwe wake, dereva wa lori la masafa marefu, akamletea kitabu cha shule alichomnunulia bintiye nchi jirani. Kilikuwa kimefumuka chote, na panya wamekula pembe zenye namba za kurasa.

"Nipangie hiki, mama. Mjukuu wako hanipi raha."

"Panya wa huko nao wanasoma?"

"Wanatushinda sisi, mama."

Sasa, kurasa zisizo na namba hazipangiki bila kusomwa. Mkwe alipoondoka, Shangazi akavaa miwani. Kilikuwa kitabu cha uraia cha watoto. Akafika penye picha ya msichana aliyesimama mbele ya bwana mwenye tai, na chini yake: "Kiongozi tumemwajiri sisi. Ukimuuliza, ni wajibu wake kukujibu, na hakuna wa kukugusa kwa sababu umeuliza."

Akavua miwani. Akaivaa tena.

Hapa sina budi nikurudishe nyuma kidogo. Miaka sita kabla ya hapo, kwenye mkutano wa mtaa, fundi cherehani jirani yake aliuliza kwa nini mabomba yalikuwa makavu miezi minne. Aliuliza kwa adabu, kofia mkononi. Kesho yake akachukuliwa. Aliporudi, salamu aliitikia kwa kichwa tu. Shangazi alijiuliza moyoni, kosa la mtu huyu ni lipi? Hakumwambia hata marehemu mumewe. Leo kitabu cha watoto wa nchi ya watu kinasema lile lile alilowaza yeye, tena kwa picha.

"Mwanangu," aliniambia, "nilihisi kama nimeweweseka usingizini na mtu kaandika."

Mlango ukagongwa. Mwingine angeutia ukurasa ule motoni. Mikono ya Shangazi ilijua kazi moja. Iliupaka gundi, ikaubandika ndani ya jalada lililokuwa wazi mezani, ikaufunika kwa karatasi nyeupe. Ndipo akafungua.

Alikuwa tarishi wa ofisi ya mkuu wa wilaya, kaja kuchukua daftari la wageni. Na jalada lile ndilo lilikuwa la daftari hilo.

"Bado bichi," Shangazi akasema.

"Litakaukia huko huko, mama. Wageni wamejaa." Akalitia kwapani, akaenda.

Shangazi alijua karatasi yake. Ilikuwa nyepesi, na gundi ikishaipenya, wino wa chini huonekana. Na kila mgeni lazima asaini. Akachukua kikopo cha gundi, akatoka bila hata kufunga mlango.

Alipofika, karani wa mapokezi alikuwa amefungua jalada, kidole kikifuata mistari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kulitazama. Limeondoka bichi."

Hakumpa. "Hii nini?"

"Karatasi chakavu. Tunaweka ili jalada lisijikunje."

"Sijauliza kazi yake." Akashusha sauti. "Umeisoma?"

"Nimeisoma," akasema, akajuta hapo hapo.

Karani akaendelea kusoma, polepole, mpaka chini. Viatu vikasikika kwenye ujia. Akalifunga daftari, akalilalia kwa viwiko vyote viwili. Mkuu akapita, akamtazama Shangazi juu mpaka chini.

"Huyu ana shida gani?"

"Mjalidi, mheshimiwa. Kaja kurekebisha jalada."

Mkuu akaguna, akaingia ofisini kwake. Karani akatoa karatasi mbili nene kwenye droo.

"Bandika zote mbili, mama," akasema bila kumwangalia. "Na usije tena mpaka uitwe."

Aitwe na nani, kwa lipi, hakusema.

Wiki tatu Shangazi hakulala vizuri. Gari likisimama nje, naye anasimama. Kitabu alikishona bila ule ukurasa, akampa mjukuu. Hazikupita siku mbili, mtoto akarudi nacho.

"Bibi, hapa pameruka. Msichana kamuuliza kiongozi swali, halafu moja kwa moja ni habari za kupiga kura. Alijibiwa?"

"Panya hao."

"Panya wamekula pembe tu, bibi."

Shangazi akamtazama. Angeweza kumfokea, watoto hufokewa kwa madogo kuliko hayo. Akaenda akafunga mlango, akashusha pazia, akarudi akakaa.

"Sogea karibu," akasema. "Nitakuambia mara moja tu. Na usiandike."