Nyasi za Mama Kwenye Gari la Zahanati

Gari la zahanati yetu ya Ihembe lilikuwa likiamkiwa kila asubuhi, kabla hata ya mganga. Aliyeanzisha mtindo huo ni dereva wa zamani, mzee aliyezaliwa Rwanda akahamia kwetu akiwa kijana, akalima migomba ya watu miaka mingi kabla ya kujifunza gari. Salamu za kwetu, za Kinyambo, ni ndefu. Humuulizi mtu ameamkaje ukaondoka. Unauliza na watoto, na ng'ombe, na mgonjwa wa jirani, naye anakujibu kimoja kimoja. Mzee yule alilifanyia gari vivyo hivyo. Alifungua boneti akauliza kwa sauti, "Maji yameamkaje?" akachungulia rejeta. "Oili imeamkaje?" akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akaenda kwenye betri, kwenye mkanda wa feni, kwenye mafuta ya breki, kisha akazigonga tairi kwa rungu lake na kusikiliza. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri walimcheka mpaka wakasahau kuumwa.

Mimi nilikuwa mtunza stoo, nikaanza kumfuata kwa sababu ya udadisi tu. Nilitaka kujua anaongea na nini. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua kuendesha, kubadilisha oili na kusafisha plagi, na nilikuwa nimeshapasua kucha zote. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alikwenda mbele ya kamati ya zahanati akasema anayemjua yule mnyama wa chuma ni binti wa stoo, na leseni anayo.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, vita vya mpakani vimeshakwisha na watu wamerudi mashambani kwao. Kamati iligawanyika. Mwenyekiti, mfanyabiashara kutoka Muleba, mzee wa kanisa na mtu wa nidhamu, alisema mbele yangu bila kunificha kwamba mwanamke na matope ya Karagwe haviendani. Bukoba kulikuwa na dereva mwanaume aliyekuwa akingoja aitwe. Mwisho wakanipa mwezi mmoja wa majaribio, na neno la mwisho likabaki kwa mwenyekiti. Mwezi mzima, kila jioni, nilimpelekea ufunguo nyumbani kwake kama mtu anayerudisha jembe la kuazima.

Niseme ukweli: niliitaka ile kazi mpaka nikaota. Nilikuwa na miaka thelathini, sijaolewa, naishi kwa mama kwenye migomba ya chini ya zahanati. Dada zangu wawili walikuwa wameolewa, kila mmoja kwake. Mimi nilikuwa na godoro na sanduku la bati. Nikikaa nyuma ya usukani, nilihisi nina mahali pangu.

Gari lenyewe lilikuwa la wazi nyuma, na mbele lilikuwa na raha zake chache. Lilikuwa na taa ndogo ya ndani, waipa mbili, kiwashio cha sigara ambacho mganga alikikataza, na zaidi ya yote lilikuwa na hita. Kwetu ni mlimani, asubuhi baridi inauma masikio. Ile hita ilikaa chini ya dashibodi upande wa abiria. Ilivuta hewa karibu na sakafu, ikaipasha joto, ikaitoa miguuni na kwenye kioo cha mbele ili ukungu usishike. Bibi mmoja aliposikia joto hilo mlangoni alivua viatu kama anayeingia nyumbani, akaviacha barabarani, tukavikumbuka tumeshafika mbali. Mwenyekiti, aliyekuwa na magoti mabovu, hakuiita hita. Alikuwa akisema, "Binti, washa jiko."

Salamu za dereva wa zamani ziliishia ndani ya gari. Ukishafunga boneti, unaingia, unakanyaga breki mara tatu, unakanyaga klachi, unawasha hita na kuweka kiganja kwenye mdomo wake. Na sakafu inakuwa tupu. Aliwahi kunikaripia kwa sababu ya ndizi moja iliyoviringika chini ya miguu yangu. Nilikasirika siku nzima.

Siku ya mwisho ya majaribio nilitakiwa kumpeleka mwenyekiti Bugomora, huko Kyerwa, kwenye chanjo ya watoto. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya wilaya yetu, lakini barabara ilikuwa ndefu kuliko wilaya. Nilikwenda stoo kuchukua boksi la baridi lenye dawa za chanjo. Niliporudi, nilimkuta mama amesimama kando ya gari, kanga imelowa umande mpaka magotini, mundu mkononi. Milango yote miwili ilikuwa wazi.

Alikuwa amelitandika gari nyasi.

Kwetu mgeni wa heshima hakanyagi udongo mtupu. Unakata nyasi mbichi laini, unazitandaza ndani ya nyumba, zinanukia, mgeni anajua amengojwa. Mama aliwatandikia dada zangu nyumba zao siku aliyokwenda kuzitembelea mara ya kwanza. Sasa alikuwa amezitandaza mbele ya viti, upande wa abiria na upande wangu, nene kama godoro, amezisukumia kwa mkono mpaka kwenye kona.

"Mbwenu sasa, unapokea mgeni leo," akasema. "Sikutaka akute patupu."

Nilijua papo hapo kwamba hazifai kukaa pale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mwenyekiti alikuwa anateremka njiani na mkongojo wake, ameshatuona, na mama ameshaanza kumchangamkia: "Karibu baba, karibu kwenye nyumba ya mwanangu!" Kuzoa nyasi zilizotandikwa kwa ajili ya mgeni, mgeni akiwa anatazama, ni kumwambia arudi alikotoka. Na mama angeificha wapi sura yake? Nikafunga mdomo. Nikaliamkia gari chini ya boneti tu, maji, oili, mkanda, haraka haraka. Za ndani nikazipita. Nilijiambia nyasi ni nyasi, zitalala zenyewe.

Mwenyekiti akapanda, akatazama chini, akamshukuru mama kwa Kihaya. Tukaondoka.

Hatukufika mbali akasema, "Binti, washa jiko." Nikawasha. Feni ikalia kwa shida, kama mtu anayekoroma akiwa na mafua, na joto lisije. Kioo cha mbele kikaanza kushika ukungu kwa ndani. Mwenyekiti akakifuta kwa leso upande wake, kisha akainama akakifuta na upande wangu.

"Leo jiko limegoma," akasema.

"Litachangamka, mzee," nikajibu, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo.

Mteremko wa kuelekea Kiruruma una kona moja mbaya. Tulipoikata, ng'ombe walikuwa wamejaa barabara nzima, pembe kwa pembe. Nikakanyaga breki. Pedali ikashuka nusu, ikagota kwenye kitu laini, ikakataa kwenda zaidi. Nikakanyaga tena kwa nguvu zangu zote na gari likaendelea kuteremka.  Nikateremsha gia, nikavuta hendibreki, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo wa kushoto, likajikwangua, likaserereka kidogo, likasimama na gurudumu moja ndani ya mtaro. Mchungaji wa ng'ombe akatuamkia vizuri kabisa na kupita na mali yake.

 Boksi la chanjo lilikuwa salama. Mwenyekiti alirudisha kofia yake kichwani.

"Breki zimekufa?" akauliza.

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutokea. Gari lilikuwa kuukuu na kamati nzima inajua. Ningesema ndiyo, tungelaumu chuma, na chuma hakijitetei. Nilitaka kusema ndiyo, sitajifanya malaika. Lakini nikamkumbuka dereva wa zamani na macho yake ya ukungu, akiwaambia wanakamati kwamba mimi nalijua lile gari. Nikisema breki zimekufa, nitakuwa nimemfanya yeye mwongo.

"Breki ni nzima, mzee," nikasema. "Nyasi zimeingia nyuma ya pedali, na nyingine zimeziba hita. Kosa ni langu. Leo sikuliamkia gari mpaka mwisho."

"Nyasi uliziona?"

"Niliziona."

"Kwa nini hukuzitoa?"

"Ulikuwa unakuja njiani."

 Akazitazama zile nyasi chini ya viatu vyake muda mrefu. Alikuwa mtu wa Muleba, nako wageni hutandikiwa. Nyasi kama zile alizikanyaga tangu anajifunza kutembea. Kisha akafungua mlango, akateremka taratibu, goti moja baada ya jingine, na kuanza kuzikumbatia na kuzitoa.

"Niachie mimi, mzee!"

"Zilitandikwa kwa ajili yangu," akasema. "Nani mwingine azishike?"

Akazipeleka nyuma ya gari, akazitandaza juu ya bati, safari mbili, tatu, anahema. Mimi nikalala kifudifudi chini ya usukani nikichomoa zilizojibana, moja moja. Halafu nikasimama nisijue la kufanya, ila lile nililofundishwa. Nikafungua boneti. Aibu ilinijaa, lakini nikaanza upya, kwa sauti, kama mzee wangu.

"Maji yameamkaje?"

Niliangalia. Nilipoinua kichwa, mwenyekiti alikuwa ameegemea mkongojo, uso mkavu kabisa.

"Huyajibii?" akauliza. "Yaseme ni mazima."

"Ni mazima."

"Endelea."

Tukaenda hivyo hivyo, mimi nauliza, yeye ananisubiri mpaka nijibu, oili, betri, mkanda, tairi. Nikaingia ndani, nikakanyaga breki mara tatu mpaka chini. Nikawasha hita na kuweka kiganja. Joto likaja polepole, likapanda hadi kwenye kioo, ukungu ukaanza kuondoka kuanzia pembeni. Nililia kidogo, nikajifanya napenga kamasi. Tukalitoa gari mtaroni kwa gia ya chini na tukaendelea.

Bugomora tulifika tumechelewa, lakini watoto walikuwa bado kwenye foleni. Wakati wa kurudi, akina mama waliokuwa wakielekea njia yetu waliomba lifti. Wakapanda nyuma na watoto wao mgongoni, wakazikuta nyasi, wakashangaa, wakakaa juu yake wakinyoosha miguu. Nilisikia wanaimba. Mbele hakuna aliyeimba. Mwenyekiti alisinzia, magoti yakiota moto wa hita, hakusema neno moja juu ya kazi. Mimi nilikuwa nimeshamaliza hesabu zangu kichwani: nitarudi stoo, nitahesabu vidonge, na dereva wa Bukoba nitamuonyesha kwa mdomo tu jinsi mkanda wa feni unavyokazwa.

Tulifika Ihembe jua likiwa bado juu ya migomba. Mama alikuwa kando ya barabara, pale pale. Nadhani hakuwa ameondoka, ingawa mwenyewe alikataa mpaka kufa kwake. Mwenyekiti alipofungua mlango, macho ya mama yalikwenda kwanza sakafuni. Akaona chuma kitupu.

"Mgeni hakuzikanyaga," akasema taratibu. Niliona aibu kwa niaba yake, nikatamani ardhi ipasuke.

"Mama," mwenyekiti akasema, "nimezikanyaga mpaka Kiruruma. Baadaye wakazikalia wanawake wa Bugomora na watoto wao. Angalia nyuma, bado zipo. Ila siku nyingine utandike huko nyuma tu. Huku mbele miguu ya mwanao ina kazi."

Mama akaenda kuangalia. Alizigusa kwa kiganja zile nyasi zilizolala, zenye alama za watu waliokaa, na sura yake ikarudi.

Nami nikachomoa ufunguo, kama kila jioni, nikamnyooshea mwenyekiti kwa mikono miwili. Hakuupokea. Mikono yake ilibaki juu ya mkongojo.

"Mama, umenikaribisha asubuhi kwenye nyumba ya mwanao," akasema. "Sasa mbona mwenye nyumba ananipa mimi ufunguo?"

Sikuelewa upesi. Mama ndiye aliyeelewa. Aliuchukua ule ufunguo mkononi mwangu, akaufuta kwa ncha ya kanga, akateremka nyumbani kwetu kutafuta msumari wa kuutundikia.