Tairi Laini za Gari la Ketill

Ormur alikuwa fundi ambaye hakuna mtu katika mji wetu wote wa Hornafjörður aliyethubutu kumkosoa usoni, isipokuwa mimi. Mimi nilimkosoa kila siku, maana tangu nistaafu kiwanda cha samaki sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kwenda kunywa kahawa yake. Gereji ilikuwa nyuma ya bandari, mabati matupu, lakini ndani mlikuwa na joto kuliko nyumba zetu. Watu walimletea magari mapya yanayong'aa, naye akayaendea na msumeno bila huruma. Anakata madigadi, anainua bodi, anang'oa springi na shokomzoba za kiwandani na kufunga zake ndefu, kisha anavisha tairi ambazo mtu mfupi kama mimi zinamfika kifuani.

"Sasa ndiyo gari," alikuwa akimwambia mwenye gari, aliyesimama pale uso umempauka kwa kuona mali yake ilivyokatwakatwa. "Ulilokuja nalo lilikuwa la kwenda kanisani."

Tairi hizo alizibandika kwenye ringi kwa gundi, kwa sababu gari halipandi Vatnajökull, ile barafu kubwa isiyoyeyuka, na upepo wote wa barabarani, na tairi yenye upepo kidogo huchomoka kwenye ringi. Sisi tunaiita Barafu tu, iko pale juu ya mji, huwezi kufungua pazia bila kuiona. Theluji yake haibebi gari zito. Ukifika ukingoni unashuka, unapiga magoti kwenye kila tairi, unaachia upepo mpaka tairi inalala kama unga uliokandwa, na hapo gari linatambaa juu ya theluji badala ya kuzama. Ukirudi barabarani unajaza tena. Mtoto wa hapa anajua hayo kabla hajajua kuandika jina lake.

Wageni walimsifu Ormur kwa magari yake ya Barafuni. Kitu wasichokijua ni kwamba mwenyewe hakuwa amekanyaga huko kwa miaka. Mara ya mwisho alipanda na mdogo wake, Ketill, kwa gari la Ketill, akashuka peke yake.

Siku hiyo weupe uliwafunika. Sijui niueleze vipi kwa mtu asiyeuona. Anga na theluji vinakuwa kitu kimoja, kivuli hakuna, na mbele ya gari hujui kama pana ardhi au pana ufa wa kumeza nyumba. Ukipatwa na hali hiyo, mwenzako anashuka na kutembea mbele, anachoma theluji kwa fimbo, nawe unaufuata mgongo wake polepole. Kiunoni amefungwa kamba, ncha ya pili iko kwenye bampa. Akivuta mara moja, unasimama. Akivuta mara mbili, unakuja. Na fundo la kiunoni hufungwa na dereva, kwa mikono mitupu, kabla hajakaa kwenye usukani. Hilo halina mjadala huku kwetu.

Ketill alitembea mbele, weupe ukammeza, kisha kamba ikalegea. Ormur alipoivuta, ikaja yote. Haikukatika wala kuchanika. Ncha ilikuwa nzima, imefunguliwa. Alipiga honi mpaka watu wa kikosi cha uokoaji walipomfikia, nao walitafuta mpaka wakachoka, hawakupata hata glovu.

Basi mji ukaanza kusema. Dereva ndiye hufunga, na Ormur alikuwa fundi wa mafundo kama alivyokuwa wa magari, kwa hiyo aliyefungua ni Ketill mwenyewe. Mtu hajifungui kamba Barafuni kwa bahati mbaya. Wakakumbuka kwamba asubuhi ile majirani walimsikia akigombana na mkewe, Hallbera. Hakuna aliyemwambia Hallbera maneno haya usoni, lakini alipoingia dukani watu walianza ghafla kuzungumzia bei ya siagi. Hallbera ni shoga yangu. Niliona jinsi alivyokonda.

Yeye alitaka kitu kimoja tu: apande kwa gari lile lile, na dereva yule yule, asimame pale mumewe alipopotelea, ajue kama kweli alimkimbia. Kila majira ya kuchipua alikuja gereji.

"Shemeji, gari langu liko tayari?"

"Bado kidogo. Sili ya ekseli inavuja."

Mwaka uliofuata ilikuwa difu. Uliofuata tena, kutu kwenye chesi. Gari lenyewe lilikuwa limesimama pembeni, rangi ya samawati, limepakwa grisi kila kiungo, injini ukiiwasha inanguruma bila kukohoa. Hapakuwa na gari zima kuliko lile pwani yote ya kusini, na Ormur alimdanganya mjane mchana kweupe. Nilijua. Nilimwonea huruma Ormur kwa kuwa niliamini anaogopa Barafu, nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu kidogo.

Halafu tairi zikaanza.

Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa kando ya gari la Ketill na kipimo cha upepo mkononi. Tairi zote nne zilikuwa zimelala.

"Pancha," akasema.

"Pancha nne? Zimekaa kikao zikakubaliana?"

"Jódís, kunywa kahawa yako."

Akawasha kompresa, akajaza. Kesho yake zimelala tena. Akabadilisha vali zote, akapaka maji ya sabuni kila mahali, hakuona hata povu moja. Akabandua tairi na kuzigundisha upya. Tukafunga mlango saa sita mchana, ufunguo mfukoni mwake, tukaenda kuoga kwenye bwawa la maji ya moto kama kawaida yetu. Tuliporudi zilikuwa laini.

"Ni baridi," akasema. "Baridi inapunguza upepo."

"Baridi ya wapi, na mimi humu navua sweta?"

Alikuwa akitazama kipimo, nami nikasogea nikakitazama. Paundi tatu. Akaenda tairi ya pili, paundi tatu. Ya tatu na ya nne hivyo hivyo. Hapo ndipo nywele zilinisimama, na mimi si mtu wa mizimu, naomba nieleweke. Tairi inayovuja huvuja mpaka ikaisha. Haivuji ikafika kiasi fulani ikatosheka. Na paundi tatu ndicho kiasi alichokipenda Ketill kupandia Barafuni. Wengine hupenda mbili, wengine nne, yeye alikuwa mtu wa tatu, mji mzima ulimtania kwa hilo.

"Umeziachia wewe," nikamwambia. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Ningekuwa mimi ningelala usingizi," akasema Ormur.

Hallbera alikuja wiki ile na mfuko wa samaki mkavu, akiwa tayari kusikia ubovu wa mwaka huo. Hakuuliza. Alisimama mlangoni akazitazama zile tairi, kisha akavua glovu, akaibonyeza moja kwa kiganja kama anavyobonyeza mtu mkate kuona umeiva.

"Ketill ameshalitayarisha," akasema.

"Hallbera, usianze," Ormur akamwambia.

"Sianzi mimi. Shemeji, sasa utasema nini kimeharibika?"

Nilimwona Ormur akitafuta neno. Alitazama ekseli, akatazama injini, akatazama mikono yake. Kisha akaenda kuwasha kompresa.

Tulipanda Jumamosi, watatu, mimi kiti cha nyuma na chupa ya kahawa kwa sababu Hallbera aliniambia nisipokuja nisimwite shoga tena. Ormur alikuwa amejaza tairi kwa ajili ya barabara. Tulipofika ukingoni mwa theluji alishuka na kipimo kuziachia upepo, akarudi haraka mno, akakaa akafunga mlango.

"Umeshamaliza?" nikauliza.

"Hakukuwa na cha kuachia."

Jua lilikuwa kali, theluji ikimeremeta mpaka inauma macho. Lazima niseme lile gari lilikuwa raha. Lilielea. Ormur aliendesha kwa vidole viwili, na kwa muda nikasahau tumefuata nini, nikawa nagawa maandazi. Hallbera alikataa, macho yake yako mbele tu.

Weupe ulikuja bila upepo. Niliona mlima kushoto, nikainama kufunga chupa, nikainuka mlima haupo. Hapakuwa na juu wala chini. Hata boneti niliiona nusu. Ormur akasimamisha gari, akaukamata usukani kwa mikono yote miwili, jasho likimtoka.

"Ni hapa?" Hallbera akauliza.

"Karibu. Mbele kidogo."

"Basi twende."

"Haiwezekani. Tungoje ufunguke."

"Nimengoja vya kutosha. Nitatembea mbele."

Akashuka. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye bampa tangu asubuhi, iliyobaki imeviringishwa kwenye kioo cha pembeni. Ormur akashusha dirisha, akaichukua na kumpa huko nje bila hata kumtazama. Nikamwona Hallbera akizunguka mbele ya boneti nayo, koti lake jekundu likafifia, likatoweka. Ormur akapandisha kioo.

Tukakaa. Injini ilikuwa ikinguruma chini chini. Kamba ilitoka kwenye bampa ikaingia kwenye weupe, imelala juu ya theluji, na ndicho kitu pekee cha kutazama. Baada ya muda ikasogea. Ikainuka kutoka kwenye theluji, ikanyooka, ikakaza. Mtu yuko mwisho wake, anatembea, ungeapa. Kisha ikavutwa. Mara mbili.

"Anasema twende," nikasema.

Ormur akaachia breki. Gari likatambaa mbele, kamba ikatangulia, imekaza vile vile, hailegei wala haiyumbi. Nilifikiri, huyu bibi ana mguu mwepesi leo.

Dirisha langu likagongwa.

Nilipiga kelele, sioni haya kusema. Hallbera alikuwa nje, ubavuni mwa gari, anatembea mbiombio kutufuata, anapiga kioo kwa ngumi. Ormur akakanyaga breki mpaka kahawa ikamwagika. Nikafungua mlango.

"Mnakwenda wapi? Mnaniacha?"

"Si uko mbele wewe?" nikamwambia. "Si umetuvuta?"

"Nimewavuta na nini? Kamba nimeiacha pale chini mbele ya gari, nikazunguka nyuma kutazama tairi. Namngoja shemeji ashuke anifunge. Si dereva ndiye anayefunga?"

Tukageuka wote watatu kutazama mbele. Kamba ilikuwa imelala chini, imelegea.

Ormur alishuka bila glovu. Aliishika akaanza kuivuta, mkono kwa mkono, nayo ikaja nyepesi, yote, mpaka ncha ikafika miguuni pake. Ncha ilikuwa nzima. Alisimama nayo mkononi, na nilipoona uso wake nilitaka kurudi garini nijifungie.

"Yeye pia sikumfunga," akasema.

Hallbera akamgeukia.

"Kulikuwa na baridi. Sikutaka kushuka. Nilimpa kamba dirishani, hivi hivi kama nilivyokupa wewe sasa hivi, akajifunga mwenyewe na glovu mkononi. Nililiona lile fundo, Hallbera. Lilikuwa ovyo. Nikasema litashika tu, ni hatua chache. Alivuta mara mbili nikaja, akavuta mara mbili nikaja, kisha ikalegea. Watu waliponiuliza nikasema nilimfunga. Nimemuua mdogo wangu, halafu nikaacha mji useme amejifungua mwenyewe. Gari lako halikuwa na ubovu hata siku moja. Nilijua nikikuleta hapa utaniuliza."

Nilijiweka karibu, maana niliona Hallbera atamrukia. Ningekuwa mimi ningemrukia. Ormur naye alikuwa akingoja hilo, mikono ameishusha.

"Kwa hiyo hakulifungua," Hallbera akasema.

"Nani?"

"Ketill. Hakulifungua yeye."

"Angelifungua kwa nini? Lilifunguka. Fundo la mtu aliyevaa glovu."

Hallbera akashika mlango wa gari kwa mkono mmoja. Kisha akasema, "Asubuhi ile nilimwambia akienda asirudi. Nilimwambia hivyo mlangoni, na ndilo neno langu la mwisho kwake. Miaka yote hii, Ormur, nilidhani amenisikia."

Ormur akakaa chini kwenye theluji akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Hallbera alimpita. Alisogea mpaka mbele ya bampa, nami nikamkamata koti lake kwa nyuma kwa nguvu zangu zote, kwani kamba hakuwa nayo. Hakujaribu kwenda mbali. Alisimama akauelekea ule weupe, akamwita mumewe kwa jina, kwa sauti ya kawaida tu, ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili chakula kikiwa mezani, akamwambia arudi nyumbani.