Mama Maswali na Treni ya Radi

Vibarua wa msimu walimwita Mama Maswali, na hawakumwonea. Alikuwa na swali kwa kila mtu. Mmetoka wapi leo? Huyo uliyekuja naye ni nani wako? Mchana umekula nini? Wageni wa bustani ya michezo walidhani ni uchangamfu uliopita kiasi, na wengine walimlalamikia msimamizi kwamba yule mama wa kule juu ni mmbeya. Hakuwa mmbeya. Majibu yao yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alichokuwa akikitafuta ni pumzi.

Kazi yake ilikuwa kwenye jukwaa la rolakosta, ile treni ndogo isiyo na injini, inayovutwa kwa mnyororo hadi juu kabisa kisha ikaachiwa iporomoke yenyewe, watu wakipiga mayowe waliyoyalipia wenyewe. Hii ya kwao iliitwa Radi. Kila kiti kilikuwa na chuma cha kushushwa mapajani, na kwenye mkono wa chuma hicho palichorwa mstari mwekundu. Chuma kikishuka vya kutosha, mstari unazama ndani ya bomba lake, huuoni tena. Ukiuona, hata kipande, abiria anateremka. Kwenye mteremko wa pili mwili hunyanyuka kitini, na kinachombakiza mtu ndani ya treni ni hicho chuma tu.

Sasa, wenye matumbo ni watu wa hila. Chuma kikikaribia, mtu anabana tumbo na kutazama mbele kwa uso wa asiye na neno. Mstari unazama. Mama Maswali anainua mkono, binti wa kibandani, kwenye mitambo, anavuta wenzo, vyuma vyote vinafungwa kwa pamoja. Ndipo bwana mkubwa anapumua. Tumbo linarudi mahali pake na kukisukuma chuma kutoka chini safari nzima, na kufuli kuukuu likisukumwa hivyo mteremkoni laweza kufyatuka. Halikuwahi kufyatuka, kwa sababu Mama Maswali alikuwa akiuliza kwanza.

"Mtu hawezi kuongea na kubana tumbo kwa wakati mmoja," aliwafundisha vibarua wapya kila msimu, wengi wao wanafunzi waliokuja kutafuta nauli ya muhula. "Msemeshe, halafu tazama mstari. Na usimuulize swali la kujibiwa kwa kichwa. Ukimuuliza kama yuko sawa, atatikisa kichwa, na wewe utabaki umeduwaa."

Shule zikifungwa alikuwa jukwaani, zikifunguliwa alikuwa nyumbani akishona sare kwenye cherehani yake dirishani. Kando ya cherehani, kwenye kiti chenye mto mgongoni, alikaa mumewe.

Huyo mume, Fundi, alikuwa mmoja wa waliozijenga reli za Radi. Ndiko walikokutana. Mama Maswali alikuwa kibarua wa rangi: kila bolti iliyokazwa alitakiwa aichore mstari, ili ikija kulegea ionekane. Fundi anakaza, yeye anafuata na brashi. Kufika mwisho wa reli walikuwa wameshaelewana juu ya mambo mengine kabisa.

Siku ya ufunguzi treni ya kwanza ilijaa wenye tai, na ya pili wake zao. Mafundi walitazama wakiwa nje ya uzio. Fundi hakununa. Alisema atapanda siku nyingine, watu wakipungua. Watu hawakupungua. Akasema msimu ujao, na msimu ujao akasema vilevile, mpaka mgongo ukamgomea, kazi za juu zikaisha, akakaa kitako, na mwili ukachukua nafasi yake kama mpangaji aliyeambiwa nyumba ni yake. Radi alibaki kuisimulia. Na akiisimulia, hakukosa kufika kwenye bolti ya mwisho, ile ya kileleni kabisa. Fundi alidai aliifunga yeye. Shemeji yake, yaani kaka wa Mama Maswali, aliyefanya naye kazi, alidai aliifunga yeye. Wawili hawa waligombana juu ya bolti hiyo harusini, msibani, na mara moja hospitalini, mmoja akiwa na dripu mkononi.

Halafu bustani ikaiuza Radi. Likizo ikiisha ingefunguliwa kipande kipande na kupelekwa mbali, kwa mnunuzi asiyemjua mtu yeyote hapo.

"Siku ya mwisho nakuja kupanda," Fundi alisema wakiwa mezani.

"Karibu," mkewe alijibu, na akainamia sahani.

Hapo alikosea, na alijua anakosea. Suruali za mumewe alizipanua mwenyewe, mara mbili katika mwaka huo. Hesabu ya kiuno kile alikuwa nayo vidoleni, na hesabu ya chuma pia. Angemwambia palepale, wawili peke yao, yangeisha. Lakini mzee wa watu alikuwa na furaha usoni ambayo hakuiona siku nyingi, na yeye akaona uchungu kuizima. Akajidanganya kwamba labda atapita.

Siku ya mwisho Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi. Alipanda ngazi za jukwaa polepole, mkono kiunoni, na vibarua wakampisha mbele ya foleni. Msimamizi, kijana aliyekuwa na adabu zake, alimshika kiwiko na kumkalisha kiti cha mbele.

"Mzee, hii ni yako leo."

Mama Maswali alianzia nyuma ya treni, kwa kawaida yake, akisukuma vyuma na kuuliza watu wametoka wapi. Mara hii hata sauti yake mwenyewe hakuisikia vizuri. Alipofika mbele, chuma cha Fundi kilikuwa kimeshuka. Mstari mwekundu haukuonekana. Fundi alikuwa ametazama mbele, kidevu juu, kifua kimetuna, na mishipa ya shingo imesimama.

"Umependeza na hilo shati," mkewe alisema. "Nani kakupigia pasi?"

Fundi akanyoosha kidole kumwonyesha yeye. Hakufungua mdomo. Hila zote za kazi hii alikuwa akisimuliwa kila jioni.

"Mgongo unakusumbua?"

Akatikisa kichwa.

"Mama, hata akipumua chuma kitapanda kidogo tu, si mbaya," msimamizi alimwambia chini kwa chini. "Mzunguko mmoja. Kesho treni yenyewe haipo."

Binti wa kibandani alikuwa ameshashika wenzo. Watu wa nyuma walianza kugonga vyuma kwa viganja. Mama Maswali alimtazama mumewe, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na akatamani kwa moyo wote kuinua mkono. Angeweza. Mstari haukuonekana, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Fundi," akasema, "nilikuwa nawaza. Ile bolti ya mwisho pale kileleni, si kaka ndiye aliifunga?"

"Nani? Kaka yako alikuwa chini kabisa ananishikia ngazi! Miguu inamtetemeka hata..."

Akaubana mdomo. Lakini pumzi ilishatoka, tumbo limefuata, na chuma kimepanda. Mstari mwekundu ulikuwa nje, mpana wa vidole viwili, kila mtu wa karibu akiuona.

Fundi aliutazama mstari, kisha akamtazama mkewe. Hakubishana. Akakisukuma chuma juu mwenyewe na kuanza kuteremka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyecheka. Msimamizi alimpa mkono, akaukataa kwa upole. Mama Maswali alirudi kusukuma chuma cha kiti kitupu, kama sheria inavyotaka, akainua mkono, na Radi ikaondoka. Alipogeuka, Fundi alikuwa ameshashuka ngazi za kutokea.

Kwa siku kadhaa hawakusemezana zaidi ya chumvi iko wapi na mlango umefungwa. Mama Maswali alishona sare. Alijihisi msaliti, si kwa kumkatalia, bali kwa kumtega hadharani na kitu alichokipenda. Kutokea bustanini, si mbali na hapo, zilisikika nyundo na spana za wale waliokuwa wakiifungua Radi, na Fundi alihamisha kiti chake kutoka dirishani.

Asubuhi moja, wakinywa chai, aliuliza bila kuinua macho, "Ulionekana kiasi gani, huo mstari?"

Mkewe akamwonyesha vidole viwili.

"Kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyo."

Fundi akavitazama vile vidole, akaweka kikombe chini.

"Mwingine angeniachia."

"Ndiyo, angekuachia," Mama Maswali alisema. "Mwingine jioni angerudi kwake akamkuta mumewe. Mimi ningemkuta nani?"

Fundi akamalizia chai yake. Kisha akainuka, akakishika kiti chake kwa mgongo, na kukiburuta taratibu mpaka kando ya cherehani.