Watu Waliokataa Kusogea

Harufu ya blanketi lililolowa matope na grisi bado hunikasirisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mvua ndefu imegeuza vichochoro vya Riruta kuwa uji, na mama yangu alivuta magari yaliyokwama kwa Land Rover kuukuu yenye winchi ya umeme mbele, mashine inayovuta kwa kuzungusha waya wa chuma kwenye rola. Nilikuwa darasa la sita, na Jumamosi zangu zote zililiwa na winchi hiyo. Tulifungua waya wote kutoka kwenye rola, tukaufuta matope, tukaukagua kipande kwa kipande tukitafuta uzi uliokatika, kisha tukaukunja upya, mzingo kando ya mzingo, ukiwa umekazwa. Injini iliunguruma muda wote ili betri isife, na mota ikipata moto tulingoja ipoe. Nikiuliza waya umewahi kukatika lini, mama alijibu, "Uliza huku ukivaa glavu."

Asubuhi moja basi la shule liliteleza mtaroni upande wa Lavington. Bwana Mutiso, msimamizi wa mabasi hayo, alikuwa amemwahidi mama kazi zao zote za msimu kama angelitoa vizuri. Mama alifunga kulabu, akatandaza blanketi bichi juu ya waya ili ukikatika usiruke kama mjeledi, kisha akasema hagusi rimoti ya winchi mpaka watu warudi nyuma. Walinzi, watunza bustani na wauza mahindi walikuwa wamejaa pale. Walirudi kidogo, wakasogea tena.

"Madam, unavuta basi ama unazika mtu?" mmoja akauliza, akionyesha blanketi. Wakacheka.

"Kama ni mazishi, wewe ndiye umesimama kaburini," mama akamjibu. "Toka kwa waya."

Bwana Mutiso alitazama saa. "Mama Wanjiru, watoto wanangoja. Si uvute tu?"

"Wasogee kwanza."

Bwana Mutiso akampigia simu Karis, kijana mwenye gari kama letu. Mama akafungua kulabu yake, akaanza kukunja waya taratibu kama kawaida. Karis alivuta bila glavu wala blanketi, watu wakiruka waya wake huku na huku. Nilisimama nikitamani ukatike, si uumize mtu, ukatike tu wote waone. Haukukatika. Basi lilitoka, watu wakapiga makofi, na kazi ya msimu ikawa ya Karis.

Chuo kikuu nilifundishwa kudai ushahidi, na ushahidi wa asubuhi ile ulikuwa upande wa Karis. Hilo ndilo linaloniudhi. Siku hizi barabara ile ina lami, mtaro umefunikwa, na mama aliuza gari zamani. Majuzi nilimuuliza kama hakukosea, kuachilia msimu mzima kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea.

"Hata kwangu halikutokea, miaka yote ile," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Bado natafuta kosa katika jibu hilo.