Duka la Solvej Lililoacha Kuuliza

Solvej Ravnkilde wa kule kisiwa cha Mors, Denmark, anaamini watu, yaani hadi inachekesha. Nje kwake kando ya barabara ana kibanda cha viazi. Hakuna mlinzi, hakuna kufuli. Unabeba viazi, unatuma kroni kwa simu, unaenda zako. Hajawahi kuibiwa hata kimoja.

Sasa huyu ndiye mwenye duka la nyuzi mtandaoni. Sufu ya kondoo wake mwenyewe, rangi anapika na maganda ya vitunguu. Ila biashara ilikuwa inasuasua, na mumewe Egon alishasema: duka lisipochangamka kabla ya baridi, kondoo wanauzwa. Solvej akawaza, akaona mchawi ni ile namba ya siri. Kila mteja kabla ya kulipa alitumiwa namba kwenye simu, aiandike dukani kuthibitisha ni yeye. Wateja wake ni kina mama wafumaji, watu wazima, na walikuwa wanailaani hiyo namba kila siku. Akaitoa. Unabonyeza, imeisha.

"Kama kibandani tu," akamwambia Egon, roho kwatu.

Oda zikakauka. Kimyaaa! Watu wanajaza kikapu, wakifika kwenye kulipa wanatoweka. Egon akaanza kuulizia mnunuzi wa kondoo.

Ndipo akapiga simu Bodil, mwalimu mstaafu, mteja wake wa siku zote.

"Shoga yangu, pole. Wamekuibia duka?"

"Nani kaniibia?"

"Si nimeingia nichukue ile sufu ya njano, halijaniuliza kitu! Namba hamna. Nikasema hawa matapeli wamejivika sura ya Solvej, nikafunga mbio. Na wenzangu wa kikundi cha kufuma nimewaambia wasiguse."

"We Bodil! Si ndiyo namba uliyokuwa unaitukana?"

"Naitukana ndiyo. Nani kakwambia uitoe?"

"Mbona viazi unabeba bila kuulizwa?"

"Viazi naviona, bibi wee! Na wewe nakuona dirishani. Huko mtandaoni namwona nani?"

Solvej akaaga. Siku hiyohiyo akairudisha namba, na Bodil akawatangazia wenzake. Oda ya kwanza ikaja na ujumbe: namba imechelewa, miwani sijui iko wapi, mambo gani haya! Solvej akausoma kwa sauti, Egon asikie vizuri. Zikafuata nyingine, karibu zote na manung'uniko yake.

Egon alisikiliza mpaka ya mwisho. Akavaa buti, akaenda kuwapa kondoo majani.