Fimbo ya Valentin

Annonciata hakumusamehe Valentin, na hakuona sababu ya kuanza. Miaka makumi tano na ine, kila akisikia neno sinema, anasimama anaenda zake.

Kule Uvira, bakingali batoto, padiri alikuwa anabaonyesha filimu siku ya Mungu, misa ikiisha. Anatundika nguo nyeupe ya altare kwa ukuta, madirisha yanafungwa. Filimu inasema Kifaransa, sasa Valentin, mutoto wa katekista, anasimama kando na fimbo, anagusa sura za batu kwa nguo: "Huyu mwizi. Huyu muke wake." Siku moja mwizi akakimbia, Valentin akamufuata na fimbo. Praa! Nguo ikapasuka. Taa ilipowaka, akamuonyesha Annonciata kwa kidole, aliyekaa mbele: "Ni huyu alirusha jiwe."

Padiri alifunga sinema mwaka muzima. Batoto bakamuita Annonciata Muua-Sinema. Hata siku ya ndoa yake kuna mutu aliliita lile jina nyuma ya kanisa.

Sasa bote bawili bako Nakivale, kambi ya bakimbizi kule Uganda, bazee, na Valentin angali anaeleza filimu, kwa mikro, mu kibanda cha video. Annonciata hakutia muguu mule. Alijua iko siku Valentin mwenyewe atasema kweli. Halafu mujukuu wake Grâce akaleta habari:

"Koko, muzee Valentin jina limetoka kwa orodha ya benye kuhamishwa. Kesho gari inamupeleka Mbarara, kisha ndege, Kanada!"

Bengine balioona ile siku bamekufa. Huyu akienda, nani atasema?

Akafika kwa kibanda bila hata kufunga kitambaa kwa kichwa, akasimama mbele ya televizio.

"Mama, toka! Tunaona mugongo tu!"

"Mutaona mugongo mupaka huyu aseme."

"Dada Annonciata," Valentin akanong'ona, kumbe mikro iko kwa mudomo, kibanda kizima kinasikia, "ile ilikuwa ya utoto."

"Utoto wa nani? Weye unapanda ndege, miye nabaki na jina. Sema."

Akikataa je? Batu bakicheka?

Valentin akaangalia chini. "Nguo ya padiri, ni fimbo yangu iliipasua. Annonciata hakurusha kitu. Niliogopa baba."

"Rudilia. Ba nyuma habakusikia."

Akarudilia, sauti inakatika. "Sasa umenisamehe, dada?"

"Uende salama. Kusamehe sikusema."

Akasukuma kijana mumoja kwa benchi, akakaa.

"Eleza basi. Huyu wa kofia ni nani?"